Nyimbo ya mwaka yapatikana vipi? Mwongozo wa kusoma chati za Disemba na kutengeneza yenu hapa Mombasa

Kila ikikaribia Disemba maneno ni yale yale, list zaanza kutoka, huyu asema nyimbo ya mwaka ni hii, mwengine asema hio ilitamba wiki tatu tu ikazima, na wazee wa maskani wanaingia kati kusema mwaka huu hamna nyimbo kabisa. Ubishi wenyewe mimi naupenda sana ila wengi wetu twabishana bila kujua hizo chati zahesabiwa vipi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ngoma za Pwani zapigwa mwaka mzima, kwa tuktuk, kwa kinyozi, kwa harusi za Majengo na Kisauni, alafu list za mwaka zikitoka hazimo, na si kwa sababu hazikupendwa, ni kwa sababu hakuna aloziandika. Chati yahesabu kilichoandikwa wiki kwa wiki na hakuna chengine inachojua. Kwa hivo hapa nitaeleza kwanza wakubwa wapanga vipi, alafu hatua za kutengeneza chati ya mwaka ya mtaa wenu, daftari na simu vyatosha kabisa.

WAKUBWA WAHESABU NINI

Inayotajwa zaidi ni Billboard Hot 100 ya Marekani, ilianza tarehe 4 Agosti 1958 na mpaka leo yatoka kila wiki. Yachanganya vitu vitatu, strimu (yaani kusikizwa mtandaoni), kupigwa redioni na mauzo, alafu zapangwa nyimbo 100 za wiki hio. Na strimu zenyewe hazina uzito sawa, ya mtu anolipia app yahesabiwa zaidi kuliko ya mtu anosikiza bure na matangazo. Sasa ile ya mwisho wa mwaka haina kura wala majaji, hawakai watu mezani wakaulizana ipi kali, ni hesabu za wiki zote zajumlishwa basi.

Ila jinsi ya kujumlisha imebadilika. Kabla ya 1991 ripoti zilikuwa zatoka kwa maduka na vituo vya redio ambavyo vyasema tu ipi ya kwanza, ipi ya pili, hakuna aliyejua idadi kamili, kwa hivo mwisho wa mwaka walikuwa wageuza nafasi kuwa pointi: nyimbo ilokuwa namba 1 wiki hio yapata pointi 100, namba 2 yapata 99, mpaka ya 100 yapata pointi 1, na zilofika juu kabisa zaongezewa. Kutoka 1991 mambo yakawa ya mashine, kaunta za duka zasoma ile mistari ya bei na kompyuta zasikiliza redio zikitambua nyimbo zenyewe, kwa hivo ikawa wanajumlisha namba za kweli. Tofauti yake ni kubwa. Kwa pointi, namba 1 aliyemwacha namba 2 mbali sana na namba 1 aliyemshinda kwa uzi tu wote wapata sawa, lakini kwa namba za kweli yule wa kwanza anaonekana alivyotesa.

Shikeni hilo la pointi manake ndo tutakalotumia sisi, mtaani hatuna mashine ya kusikiza kila tuktuk.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka waone: nyimbo yaweza kuwa ya kwanza kwa mwaka mzima na haijawahi kuwa namba 1 hata wiki moja. Imetokea zaidi ya mara moja. "Wooly Bully" ya Sam the Sham and the Pharaohs iliongoza mwaka 1965 na ilikuwa imefika namba 2 tu. "Breathe" ya Faith Hill mwaka 2000, hivo hivo, namba 2. "Hanging by a Moment" ya Lifehouse 2001, hivo hivo. Na majuzi tu, 2021, "Levitating" ya Dua Lipa iliongoza mwaka na haikuvuka namba 2. Hata 2024, "Lose Control" ya Teddy Swims ilikaa juu wiki moja peke yake, na mwaka huo huo Shaboozey alikaa namba 1 wiki 19, lakini mwisho wa mwaka Teddy Swims ndo alokuwa juu. Wiki 19 kwa 1, ingawa chache za mwisho zilikuja hesabu ya mwaka ishafungwa! Hakuna wizi hapo, ni kwamba ile yake ilianza mapema ikakaa mle mle juu mwezi baada ya mwezi, haishuki. Chati ya mwaka yapenda nyimbo inayodumu kuliko inayoruka.

Kitu cha pili ni mwaka wenyewe. Mwaka wa Billboard hauanzi Januari, siku hizi waanza karibu na mwisho wa Oktoba na kufungwa Oktoba inayofuata, ili list iwe tayari Disemba. Uingereza wao wajumlisha Januari hadi Disemba. Kwa hivo nyimbo moja yaweza kuwa na nafasi tofauti kabisa huku na kule bila mtu yeyote kukosea.

Na tafadhali, ile Spotify Wrapped, list ya mwisho wa mwaka inayojaa kwa status zetu, si chati ya nchi, ni ya kwako wewe na simu yako. Spotify yahesabu strimu ukishasikiza sekunde 30, kwa hivo ukiacha nyimbo moja ijirudie usiku kucha ndo itakuwa ya kwanza kwako na majirani hawaijui. Usiipeleke maskani kama ushahidi.

Haya, tuingie kazini.

HATUA YA 1: ANDIKENI SWALI KWA SENTENSI MOJA

"Nyimbo zilosikika zaidi Mombasa" ni swali moja. "Nyimbo bora za mwaka" ni swali jengine kabisa. La kwanza lajibiwa na hesabu, la pili lajibiwa na ladha, na watu wakilichanganya ndo fujo zaanza, manake mtu ahesabu alafu akiona matokeo hayapendi anaanza kuchomeka anazozipenda. Chagueni la kwanza. La pili kila mtu aseme lake, hakuna anayemkataza.

Alafu semeni eneo. Mombasa nzima ni kubwa kwa vijana wanne, anzeni na mnapoweza kufika kwa miguu au kwa tuktuk ya shilingi kidogo, mfano Kisauni na Bombolulu, au Likoni peke yake, au Mji wa Kale na Makadara. Chati ya Likoni ilohesabiwa vizuri ni bora kuliko ya "Pwani nzima" ilotungwa kitandani.

HATUA YA 2: FUNGENI MWAKA KABLA HAUJAANZA

Mimi nashauri wiki ya kwanza ya Disemba mpaka wiki ya mwisho ya Novemba, mufunge kabla ya Disemba kama Billboard, kwa sababu mbili. Moja, list itoke Disemba watu wakiwa na hamu nayo. Pili, Disemba ya Mombasa si mwezi wa kawaida, wageni kutoka bara wajaa, klabu za Mtwapa na Nyali hazilali, na nyimbo zinazotesa hizo wiki mara nyingi ni za wageni, sio zilizotembea na mji mwaka mzima. Ikiwa Disemba ndo mwanzo wa mwaka wenu, hizo nyimbo zitalazimika kudumu mpaka Februari na Machi ndo ziwe na maana.

Hasara yake ipo na muijue. Nyimbo ilotoka Oktoba itakatwa katikati, nusu mwaka huu nusu ule. Nitawaonyesha kwa namba huko chini.

Na kuna Ramadhani. Mwezi wa Ramadhani kwa kinyozi na kwa tuktuk nyingi muziki wazimwa au zapigwa kasida, harusi hamna, kwa hivo karibu mwezi mzima vyanzo vyenu vya mtaani vyapungua sauti. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kila mwaka yasogea nyuma, haikai kwa wiki zile zile. Msiziruke hizo wiki, mkiruka nyimbo zilokuwa juu wakati huo zapoteza pointi kwa sababu ya kalenda. Andikeni kama kawaida kwa vyanzo vilobaki. Kasida mimi nasema zisiingizwe kwa chati ya ngoma, si kwa kuzidharau, ni heshima, haifai kuonekana kasida "imeshindwa" na amapiano. Mkitaka wekeni list yake pembeni bila namba.

HATUA YA 3: CHAGUENI VYANZO NA MSIVIBADILISHE

Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo wengi wanaharibu.

Gawanyeni makundi matatu: mtaa, redio, mtandao.

Mtandao ndo rahisi. YouTube wana chati za wiki za nchi kwa nchi, Apple Music wana Top 100 ya Kenya, Spotify nao wako hapa tangu 2021, Boomplay pia. Chagueni moja au mbili, mchukue nafasi tu siku ile ile kila wiki. Lakini mjue kwamba hizo ni za Kenya nzima, sauti ya Nairobi ni kubwa humo, kwa hivo ukitegemea mtandao peke yake utapata chati ya Nairobi yenye jina la Mombasa. Ndo maana list nyingi twaziona haziongei na sisi.

Redio: chagueni stesheni mbili au tatu ambazo zasikika hapa Pwani, na kipindi kimoja maalum kwa kila moja, mfano kile cha jioni. Mmoja wenu asikilize na kalamu. Usimuulize mtangazaji "wiki hii ipi yatamba", andika zilopigwa. Anayoyasema na anayoyapiga saa zengine hayafanani.

Mtaa ndo roho ya chati yenu. Vinyozi watatu, madereva wa tuktuk kama watano wa steji tofauti, na madijei wa harusi wawili. Kinyozi ni chanzo kizuri ajabu kwa sababu flashi yake yakaa kwa sabufa kutwa, na wateja ndo wanomwambia "rudisha hio". Nenda Alhamisi jioni kabla hajajaa wateja wa Ijumaa, mwangalie ile flashi. Kuna kinyozi namjua mimi amepanga mafolda yake mwenyewe, moja la Bongo, moja la amapiano, moja la chakacha na taarab, na moja ameliandika MPYA tupu, na hilo la MPYA ndo dhahabu, ukiona nyimbo imetolewa humo ikahamishiwa folda la Bongo jua imeshakuwa ya kila siku, na ukiona imefutwa basi imekufa, hata kama mtandaoni bado yapanda.

Namna ya kuuliza ina maana. Ukimwambia dereva "kaka, nyimbo gani kali sahi?" atakutajia anayoipenda yeye. Muulize hivi: "Kaka, samahani, leo umepiga nyimbo gani tangu asubuhi?" Na kwa dijei wa harusi, mara nyingi ni mtu mzima, mwamkie vizuri, "Shikamoo mzee, harusi ya jumamosi ni nyimbo gani waliomba zirudiwe?" Neno ni zirudiwe. Nyimbo ilopigwa mara moja ni ya dijei, ilorudiwa ni ya watu.

Msione haya kwamba ni njia ya kienyeji. Chati ya kwanza ya Uingereza, Novemba 1952, ile ya gazeti la NME, ilitengenezwa na mtu kupiga simu kwa maduka ya muziki kama 20 na kuuliza yameuza nini. Basi. Namba 1 ya kwanza ilikuwa ya Al Martino. Kilichoifanya ikawa chati ni kwamba wiki ilofuata walipiga tena, na ilofuata tena.

Kwa hivo vyanzo vikiwekwa vimewekwa. Kinyozi mmoja akifunga mtafute mwengine mtaa huo huo muandike tarehe mlobadilisha, lakini msiongeze vinyozi wanne mwezi wa tisa kwa sababu mumepata marafiki wapya, mtaharibu miezi minane ilopita.

HATUA YA 4: TOENI CHATI YA WIKI

Kila kundi litoe kumi bora zake. Ya 1 yapata 10, ya 2 yapata 9, mpaka ya 10 yapata 1. Alafu zidisheni na uzito wa kundi. Uzito ninaoupendekeza ni mtaa 4, redio 3, mtandao 3, kwa sababu swali letu ni kilichosikika Mombasa.

Mfano: nyimbo ya kijana wa Mikindani ni ya 2 mtaani, ya 5 redioni, mtandaoni hamna. Hio ni 9 mara 4 ambayo ni 36, na 6 mara 3 ni 18, jumla 54. Nyimbo ya nyota mkubwa wa Dar ni ya 1 mtandaoni, ya 4 redioni, ya 10 mtaani. Hio ni 30 na 21 na 4, jumla 55. Imempita kwa moja tu! Mkiangalia mtandao peke yake huyu kijana hayupo duniani, kwa chati yenu yuko bega kwa bega na nyota, na ni haki yake manake ndo hali halisi ya mtaani.

Pangeni kutoka jumla kubwa hadi ndogo, mchukue 20 za juu, hio ndo chati ya wiki. Zikigongana jumla, ile yenye nafasi nzuri mtaani iwe juu. Zikigongana hapo pia ziwekeni nafasi moja wala msiogope, ile chati ya 1952 ilikuwa ya nafasi 12 lakini ilikuwa na nyimbo 15 ndani kwa sababu ya kugongana.

HATUA YA 5: POINTI ZA MWAKA

Sasa kila wiki kwa ile 20 bora, namba 1 yapata pointi 20, namba 2 yapata 19, mpaka namba 20 yapata 1. Mwisho wa mwaka ni kujumlisha. Lakini kabla hujaanza tizama huu mfano taratibu na kalamu, manake ndo moyo wa jambo lote.

Nyimbo A yaingia kwa kishindo. Wiki zake ni hizi: nafasi ya 3, alafu 1, 1, 1, 1, alafu 2, 6, 11, 17, yapotea. Wiki tisa. Pointi zake 18, na 20 mara nne ni 80, alafu 19, 15, 10 na 4. Jumla 146.

Nyimbo B yaingia kimya kimya: 18, 14, 10, 7, 5, alafu yakaa namba 4 wiki sita mfululizo, alafu 5, 5, 6, 8, 9, 12, 15, 19. Wiki 19, na haijawahi hata kuingia tatu bora. Pointi zake 242.

B ameshinda kwa mbali sana. Ndo ile siri ya "Levitating" na "Breathe".

Watu wataona uchungu, watasema A ilikuwa ya kwanza mwezi mzima, mji wote ulikuwa waimba. Sawa, mwaweza kuweka nyongeza kwa kila wiki ya namba 1. Mkiweka nyongeza ya pointi 10, A yapata 40 zaidi, yawa 186, bado B yuko mbele. Mkiweka nyongeza ya 25, A yapata 100 zaidi, yawa 246, na sasa A ndo nyimbo ya mwaka, kampita B kwa nne. Umeona? Nyimbo ni zile zile, wiki ni zile zile, mtaa ni ule ule. Aloamua mshindi ni alochagua 10 au 25. Kwa hivo nyongeza yaamuliwa kabla ya wiki ya kwanza, iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kila mmoja atie sahihi, na ikishapita hapo hakuna kugusa mpaka mwaka uishe. Mtu akija Novemba na wazo zuri la nyongeza, wazo lake liandikwe kwa mwaka ujao.

Mimi binafsi naona 10 yatosha. Kufika juu kuna thamani yake, lakini nyimbo iliyokaa miezi minne na nusu kwa masikio ya watu imefanya kazi kubwa zaidi.

Sasa rudini kwa lile la kukatwa. Tuseme B iliingia mwanzo wa Oktoba. Mpaka mwisho wa Novemba ina wiki tisa, na pointi za hizo wiki tisa ni 119. Zilobaki 123 zaenda mwaka ujao. Mwaka huu yashindwa na A yenye 146, na mwaka ujao 123 hazifiki mbali. Nyimbo yenye 242 yaweza kukosa mbili bora miaka yote miwili. Hili lawakuta hata wakubwa. Dawa yake nnayoiona ni moja: nyimbo ambayo siku ya kufunga mwaka bado iko kwa kumi bora na haijafikisha wiki 12, pointi zake zote zisubiri zihesabiwe pamoja mwaka ujao. Na kwa list ya mwaka huu muitaje chini, "yaendelea". Si lazima mfuate hivo, lakini mkiamua muamue mapema.

HATUA YA 6: SHERIA NDOGO NDOGO

Rimiksi. Nyimbo na rimiksi yake zihesabiwe pamoja kama ni nyimbo ile ile na mtu kaongezwa tu. "Old Town Road" ilipofikisha wiki 19 namba 1 mwaka 2019 ilikuwa imebebwa na ile rimiksi yenye Billy Ray Cyrus na yote ilihesabiwa kama moja. "Calm Down" ya Rema ilitoka mapema 2022, ile ya Selena Gomez ikaja miezi baadae, na mtaani hakuna aliyesema naomba ile ya kwanza au ya pili. Lakini mtu akichukua mdundo akaimba maneno yake mapya kabisa, hio ni nyimbo nyengine.

Za zamani. Hili kwa Mombasa ni kubwa kwa sababu harusi zetu haziishi bila chakacha na taarab za miaka na miaka, na dijei akiulizwa zilorudiwa atakutajia hizo kila wiki, na msipoangalia kumi bora yenu itakuwa na nyimbo zile zile tangu Januari hadi Novemba. Billboard wana sheria yao, nyimbo ikishakaa wiki 20 alafu ikashuka chini ya nafasi ya 50 yatolewa. Nyinyi wekeni hivi: nyimbo yenye zaidi ya miaka miwili yaenda kwa ukurasa wa "za kudumu", ukurasa wa heshima, na yarudi kwa chati tu kama imeamka upya kwa makundi yote matatu. Kuamka upya kwatokea kweli, ile ya krismasi ya Mariah Carey ilitoka 1994 na ikafika namba 1 Marekani Disemba 2019, miaka 25.

Msanii mwenye nyimbo nyingi. Mwaka 2017 Ed Sheeran alitoa albamu na nyimbo 16 zikajaa kwa 20 bora ya Uingereza wiki moja, wakaona hapana, wakaweka sheria ya nyimbo tatu kwa msanii. Wekeni tatu pia.

Jina la nyimbo. Amueni mnaandika vipi mara ya kwanza na msibadilishe herufi hata moja, kompyuta yaona "Nakupenda" na "Nakupenda rmx" kama vitu viwili.

HATUA YA 7: HESABU ZENYEWE

Kama ni daftari, nyimbo moja mstari mmoja, wiki zaenda kulia, kila kijumba waandika pointi sio nafasi. Kila mwisho wa mwezi jumlisheni na muandike kwa wino mwekundu, ili Novemba msianze kujumlisha wiki 52 kwa usiku mmoja.

Kama ni simu au kompyuta, Google Sheets ni bure. Ukurasa mmoja wa nafasi, uupe jina Nafasi, ukurasa wa pili wa pointi. Kwa ukurasa wa pointi formula ni hii, =IF(Nafasi!B2="",0,21-Nafasi!B2), maana yake kama kijumba ki tupu toa sifuri, kama kina nafasi toa 21 ukiondoa nafasi. Ivute kulia na chini. Mwisho wa mstari weka SUM. Kwa nyongeza ya namba 1 tumia COUNTIF kwa ukurasa wa Nafasi kuhesabu ngapi zina 1, zidisha na 10. Watu wawili wahesabu mbali mbali kisha mlinganishe.

HATUA YA 8: KAGUENI ULAGHAI

Mkianza kujulikana wasanii watakuja, na mameneja watakuja, wengine na soda wengine na zaidi ya soda. Hili si geni, Marekani mwisho wa miaka ya 1950 bunge lao lilichunguza madijei waliokuwa wakilipwa kupiga nyimbo na majina makubwa yakaanguka. Na mtandaoni, mwaka 2019 YouTube walitangaza kwamba mitazamo inayotokana na matangazo ya kulipia haitahesabiwa tena kwa chati zao za muziki, manake watu walikuwa wanunua rekodi.

Dalili ni rahisi ukiwa na makundi matatu: nyimbo namba 1 mtandaoni wiki tatu na hakuna kinyozi hata mmoja anayo, iwekeeni alama. Msiifute, uzito utaishusha wenyewe, lakini muiandike. Na mwenye ndugu au rafiki kwa chati asikusanye kwa chanzo ambacho huyo rafiki hukaa. Usiwaambie watu ni vinyozi gani mnaowauliza.

HATUA YA 9: TOENI LIST

Toeni 20, au 30 kama namba zenu zimeshiba, na kila nyimbo iandikwe vitu vinne: jumla ya pointi, wiki ilokaa, nafasi ya juu ilofika, na wiki ngapi za namba 1. Mtu akiona B ina 242, wiki 19, nafasi ya juu 4, ataelewa mwenyewe bila kuelezwa. Chini ya list wekeni sheria zenu zote, eneo, tarehe za kufungua na kufunga, uzito wa makundi, nyongeza, sheria ya rimiksi. Alafu ule ukurasa wa za kudumu, na zile zinazoendelea.

Tumeni kwa stesheni za hapa kwetu, tumeni kwa wasanii waliomo hata wale wadogo, kijana wa Mikindani akijua nyimbo yake ilikaa wiki 14 kwa vinyozi wa Kisauni ana karatasi ya kumwonyesha mwenye ukumbi anapoulizwa "wewe nani anakujua?". Na picha za kurasa za daftari mzihifadhi kwa simu mbili tofauti, kwa sababu mwenye kubisha yuaja tu na dawa yake ni kumfungulia wiki anayoitaka aisome.

Siku hio hio mnayotoa list, mtu mmoja awe ashaenda kwa kinyozi kuandika wiki ya kwanza ya mwaka mpya.